Inauliza Nani

Mjomba alipiga simu Jumatatu, saa moja asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya chapati nje ya hosteli, Arusha.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Ile mashine yako imeanza kuuliza maswali."

"Maswali gani?"

Akampa simu binamu yangu wa darasa la nne, ambaye tangu siku ya kwanza alijiteua kuwa msomaji mkuu wa mashine pale nyumbani. "Dada, kioo kimeandika nan. Nafikiri kinauliza nani, ila wamesahau i ya mwisho."

Nilicheka mpaka aliyekuwa mbele yangu akageuka. Kwa mtu anayeandika programu, herufi hizo tatu si swali. Ni ufupisho wa Kiingereza wenye maana ya "si namba": mashine imekwenda kutafuta kipimo, imerudi na kitu kisichoingia kwenye hesabu. Nikamwambia asiguse chochote, nitakuja Ijumaa. Nikanunua chapati zangu mbili, nikaenda maktaba. Sikuwa na wasiwasi wowote. Katika yote yaliyofuata, huo utulivu wangu wa asubuhi ile ndio unaonitia aibu zaidi.

Utafiti wangu wa shahada ya uzamili unahusu uhifadhi wa mahindi kwa wakulima wadogo. Swali lenyewe ni dogo: mahindi yakiwa ndani ya mfuko usiopitisha hewa, joto na unyevu vinakwendaje, saa kwa saa, katika stoo ya kawaida ya kijijini? Kulijibu nilihitaji kihisi cha kukaa ndani ya mfuko na bodi ya kukisoma. Bodi ni Arduino Uno, maikrokontrola ambayo wengi wetu tulijifunzia. Kihisi ni DHT22, kidude cheupe cha plastiki chenye matundu kama kichujio cha chai, ukubwa wake haufiki kidole gumba. Kinapima joto la hewa na unyevu wa hewa, na karatasi yake inasema kosa lake kwenye unyevu ni kama asilimia 2 juu au chini. Nikaongeza kioo kidogo cha mistari miwili ili watu wa nyumbani nao waone, na memori kadi ya kutunza kumbukumbu. Umeme ulitoka kwenye betri ya sola ile ile inayowasha taa ya sebuleni kwa Bibi.

Bibi mzaa mama anaishi Handeni, kijijini, nje kidogo ya barabara ya lami inayotoka Chanika, ndiyo Handeni mjini, kwenda Korogwe. Handeni ni nchi ya mahindi. Mvua zikikubali, watu huvuna mara mbili, ya masika na ya vuli. Zikikataa, mtu aliyezoea kuuza gunia anakwenda dukani kupimiwa unga kwa kilo. Msimu ule vuli ilikubali. Bibi na mjomba walipata gunia kumi na nne, na mimi nikaona nimepata maabara.

Adui anayejulikana na kila mtu ni dumuzi. Unafungua gunia mwezi wa tano unakuta vumbi na matundu. Mfuko usiopitisha hewa humuua kwa kumnyima oksijeni, bila dawa yoyote, na nilikuwa nimeusifia mfuko huo kwa simu miezi mitatu mpaka mjomba akanunua kumi na minne. Nililolitaja haraka haraka ni sharti lake. Mahindi lazima yawe yamekauka hadi unyevu wa punje uwe kama asilimia 13. Mfuko usioingiza hewa hautoi maji pia. Ukifunga mahindi yaliyobaki na ubichi kidogo, umeyafunga pamoja na maji yake.

Maji hayo ndiyo yanayomwita adui wa pili, kuvu. Baadhi ya kuvu, hasa aina iitwayo Aspergillus flavus, hutengeneza sumu tunayoiita sumukuvu. Haionekani kwa macho, haina harufu, haiondoki kwa kupika. Kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini. Nyingi kwa mpigo huua. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mwaka 2016 ilikuwa zamu yetu: Dodoma na Manyara, wagonjwa 68, waliofariki 20. Takwimu hizo zilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa pendekezo langu la utafiti. Nilikuwa ninazijua kwa moyo.

Sasa turudi Jumamosi ile ya kufunga mifuko, katikati ya Februari mwaka jana. Mahindi yalikuwa yametandazwa kwenye turubai uani. Upande wa milima ya Usambara mawingu yalikuwa yanajikusanya. Bibi alichukua punje pembeni mwa turubai, akaiuma, ikakatika kwa mlio. Akachukua nyingine katikati, akaiuma, akaitema kiganjani na kuitazama.

"Za pembeni zimekubali," alisema. "Za katikati bado. Zipate jua la siku mbili tatu."

Mimi nilikuwa na basi la Jumapili asubuhi na wasilisho la Jumanne. Kipima unyevu cha punje kilikuwa kimoja tu idarani, na alikuwa nacho mwenzangu aliyekwenda Babati. Nikaziuma punje tatu, nikasema zimekauka. Nikalisema kwa ile sauti ya mtu aliyesoma. Nikataja na mvua.

Bibi aliniangalia. "Haya, mke mwenzangu," alisema, kwa utani wake wa siku zote. "Wewe ndiye mwenye mashine."

Tukafunga. Nikakizika kihisi katikati ya mfuko mmoja, nikapitisha waya mdomoni na kuukaza kwa mpira wa baiskeli, kisha tukakaa kukitazama kioo. Uani unyevu wa hewa ulikuwa 58. Ndani ya mfuko ukaanza kupanda: 61, 64, 67. Baada ya saa moja ukafika 69, ukatulia. Chini ya 70. Katika vitabu vyote nilivyosoma, 70 ndio mstari. Juu ya hapo kuvu huanza kupata nafasi. Nikapiga picha kioo, nikamtumia msimamizi wangu. Akajibu kwa kidole gumba. Usiku ule nililala vizuri.

Siku tisa baadaye mashine ikauliza nani.

Nilifika Ijumaa jioni kwa basi la Arusha hadi Korogwe na gari dogo hadi kijijini. Niliwasha tochi ya simu, nikaanza kazi. Nieleze kidogo hicho kihisi kinavyozungumza, maana bila hapo hamtaona kosa langu lilikokaa.

DHT22 hutumia waya mmoja kwa mazungumzo. Bodi inauvuta waya huo chini kidogo, kama mtu anayepiga hodi, kisha inauachia. Kihisi kinajibu kwa biti 40: 16 za unyevu, 16 za joto, na 8 za mwisho ni za uhakiki. Tuseme unyevu ni 65.2 na joto ni 28.5. Kihisi kinatuma 652 na 285, kila moja ikiwa vipande viwili: 2 na 140, halafu 1 na 29. Ukijumlisha vipande vyote vinne unapata 172, na hiyo 172 ndiyo inayotumwa mwisho. Bodi nayo inajumlisha upande wake. Ikipata hesabu tofauti inajua kuna kitu kimeharibika njiani, na badala ya kukupa uongo inakwambia: si namba.

Nilikuwa nimewahi kukiona kihisi hiki kikitoa upuuzi. Desemba, mezani kwangu Arusha, kilisoma unyevu 2 na joto 1 kutwa nzima, nikakilaumu sana, kumbe kwenye programu nilikuwa nimeandika DHT11, ndugu yake mdogo wa bei rahisi, na programu ilikuwa inasoma kipande cha kwanza tu cha kila namba. Januari kikaanza kuruka hadi 99.9 mara moja moja na kuichafua grafu yangu. Nikaandika mistari michache ya kusafisha takwimu, grafu ikapendeza, nikaendelea na mambo mengine.

Ijumaa ile nilianza na umeme. Betri ilikuwa imechoka kwa sababu ya siku za mawingu. Mita ilisoma volti 4.6 mahali palipotakiwa 5. Nikaufuata waya. Kutoka sebuleni hadi stoo ulikuwa mita nane, na sikuwa nimeweka rezista ya kuuvuta waya wa mazungumzo juu pale ambapo hakuna anayezungumza. Vihisi vilivyobandikwa kwenye kibao cha miguu mitatu kwa kawaida huja nayo. Changu kilikuwa cha miguu minne, kitupu, na hicho unakiwekea mwenyewe. Kwa waya wa shibiri moja mezani kilikuwa kinavumilia. Kwa mita nane na betri iliyochoka, sauti yake ilikuwa haifiki.

Rezista ni kitu cha shilingi mia. Fundi wa Chanika alikuwa amesafiri. Mjomba akasema hakuna shida, kesho alfajiri anakwenda Korogwe na gunia mbili, ada ya shule inadaiwa.

"Mbili za wapi?" niliuliza.

"Hizi hizi. Si umesema ziko salama? Kioo kimeonyesha sitini na tisa wiki nzima."

Nikasema ndiyo. Asubuhi nilipanda nyuma ya pikapu, nikakaa juu ya mifuko hiyo miwili kwa kilomita karibu hamsini, nikila machungwa.

Korogwe siku ya Jumamosi ina pilika. Mabasi ya Dar na Arusha yanasimama, abiria wanashuka kula, wachuuzi wanakimbizana na madirisha. Mjomba aliingia sokoni, mimi nikatafuta fundi redio, nikampata Manundu kwenye kibanda kilichojaa matumbo ya redio na televisheni. Mzee wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mzee. Natafuta rezista ya kilo-omu kumi."

"Marahaba. Ya nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku akichokonoa bodi ya redio iliyokufa kwa pasi yake ya kulehemu. Akang'oa kipande chenye mikanda ya kahawia, nyeusi, chungwa na dhahabu, akakipima kwa mita, akaniwekea kiganjani.

"Kabla hakijaanza hayo maneno ya kiwazimu, kilikuwa kinasema nini?"

"Kilikuwa kizuri tu. Sitini na tisa."

"Mchana?"

"Mchana na usiku. Siku tisa zote, walivyoniambia."

Fundi alicheka. "Sitini na tisa mchana, sitini na tisa usiku, mvua, jua? Basi hicho kilikuwa kimekufa zamani, mwanangu. Wewe umeletewa habari za msiba tu."

Akakataa hela. Nikamnunulia soda.

Nilirudi kwa mjomba nikamkuta ameshauza. Mnunuzi alifungua mdomo wa kila mfuko, akachoma bambo, akaona mahindi ya juu ni meupe na makavu, akalipa. Njiani kurudi mjomba alikuwa na furaha, anapigia simu shule. Mimi nilikuwa ninafikiria maneno ya fundi. Unyevu wa hewa hausimami. Hata ndani ya mfuko uliofungwa, joto likipanda mchana na kushuka usiku, namba ya mwisho itacheza kidogo. Kwa nini yangu haikucheza?

Usiku nikafupisha waya hadi mita moja na nusu kwa kuihamishia bodi stoo, nikalehemu rezista kati ya waya wa mazungumzo na volti 5, nikawasha. Nan ikaondoka. Kioo kikaandika 0.

Nilingoja. Bado 0. Nikatoa memori kadi, nikafungua faili kwenye laptopu. Ndani mlikuwa na mistari thelathini na kitu ya saa ile ya kwanza, 58 ikipanda hadi 69. Baada ya hapo hakuna kitu kwa siku tisa. Kisha nan, nan, nan, mpaka mwisho.

Ndipo nikaisoma programu yangu mstari kwa mstari, kama inavyopaswa kusomwa, na katikati nikaikuta ile mistari ya Januari. Ilikuwa inasema hivi: unyevu ukizidi 70, hicho ni kipimo kibovu, usikiandike, usikionyeshe, acha kilichopo kwenye kioo. Niliiandika mwenyewe, nikaiwekea na maelezo pembeni: mahindi makavu hayawezi kuzidi 70.

Nisiwafiche jambo moja lililonifanya nikae chini sakafuni. Katika hesabu za kompyuta, nan haiwezi kulinganishwa na chochote. Ukiuliza kama nan ni kubwa kuliko 70, jibu ni hapana. Kwa hiyo nan ilipita kwenye kichujio changu bila shida, ikaenda hadi kwenye kioo. Kwa siku kumi na nne ilikuwa imezuiwa kweli peke yake.

Nikaifuta mistari hiyo. Nikawasha upya. Kioo kikaandika 83. Joto 33.

Na hapo, baada ya yote hayo, wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba kihisi kimeharibika.

Kuna njia ya kukijaribu kihisi cha unyevu jikoni. Unachukua chumvi ya kawaida, unailowesha kwa maji kidogo hadi iwe kama tope, isiyeyuke yote, unaiweka kwenye chombo kinachofungwa vizuri pamoja na kihisi bila kugusana. Baada ya saa kadhaa hewa ya ndani hufika unyevu wa asilimia 75, na hubaki hapo. Haijali uko Handeni au Helsinki. Nikamwomba Bibi kopo lake la karanga na chumvi. Alinipa bila kuuliza. Niliziba kopo kwa plastiki na mpira saa tano usiku, nikalala karibu nalo. Saa kumi na mbili asubuhi nikamulika kioo: 76.

Kihisi kilikuwa kizima. Kilikuwa kizima tangu mwanzo.

Bibi alikuwa ameamka, amesimama mlangoni na khanga mabegani. Nikamweleza yote, pale pale, hata ile mistari ya Januari. Sikuweza kumtazama. Aliponyamaza nikadhani hajaelewa, nikaanza kueleza upya. Akanikatiza.

"Nimeelewa. Ilikuwa inasema, wewe ukaiziba mdomo. Lete chupa."

Hakuwa amepata wapi habari ya chupa ila kwangu; miezi mitatu nyuma nilimweleza kwenye simu kipimo ambacho mabwana shamba hufundisha. Unakausha chumvi kwenye kikaango, unaiacha ipoe, unaimimina kwenye chupa kavu ya kioo iliyojazwa mahindi hadi theluthi, unatikisa. Chumvi ikianguka chini, mahindi ni makavu. Ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu wa punje umezidi 15. Nilimweleza kipimo hicho, kisha Jumamosi ya mawingu sikukifanya. Chumvi ilikuwepo. Chupa ilikuwepo. Ingechukua dakika ishirini.

Tulitikisa. Chumvi ikanata mpaka shingoni mwa chupa.

Tulipoufungua mfuko wenye kihisi, joto lilitupiga usoni. Bibi alizamisha mkono hadi kiwikoni, akautoa na gao la punje zilizoshikana, zenye unga wa kijani. Mpira wa baiskeli haukuwa umeuziba mdomo vizuri. Pale waya wangu ulipopita, hewa ilikuwa inaingia, kuvu inapumua. Katika mifuko kumi na miwili iliyobaki, chumvi ilinata kwa mitano, na mitatu kati ya hiyo ilikuwa na kuvu ya kuonekana. Ni ile tuliyoijaza mwisho, kutoka katikati ya turubai. Mahindi ya mifuko mitatu tuliyafukia. Binamu yangu aliuliza kama hata kuku hawawezi kupewa. Nikamwambia kuku nao wana ini. Mengine yalirudi juani. Hakuna aliyeyala mpaka nilipopeleka sampuli chuoni na majibu kurudi chini ya mikrogramu 10 kwa kilo, kiwango cha juu kinachokubaliwa Afrika Mashariki kwa sumukuvu zote. Sampuli niliyoitoa kwenye mfuko wa kihisi ilizidi mara nyingi.

Lakini asubuhi ile majibu yalikuwa bado, na mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda akihesabu vidole. Gunia mbili hazikuwepo.

"Zilitoka upande gani?" nilimuuliza.

"Nilibeba zilizokuwa karibu na mlango. Hata sikuangalia."

Nilitegemea aseme kwamba mahindi hayo yamekwisha kuwa mali ya mtu mwingine. Ada ilikuwa imeshalipwa nusu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaingia ndani, akatoka na hela iliyobaki, na Bibi akafungua kifundo cha khanga yake akajazia.

Mnunuzi alipotuona tukirudi alidhani tunataka kuongezewa bei. Mjomba alieleza. Yule bwana alicheka, kisha akaacha kucheka, akatupeleka nyuma ya kibanda. Mfuko mmoja ulikuwepo, haujaguswa. Nilitoa chupa yangu hapo hapo sokoni, watu wakajaa kutazama. Chumvi ikaanguka chini, safi. Mfuko huo ulikuwa mkavu. Bwana akasema basi, hakuna ugomvi, huo anaubakiza.

"Na wa pili?"

Wa pili ulikwisha jana jioni. Alikuwa ameuuza kwa debe.

"Kwa nani?" niliuliza, na nilipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu nilishikwa na baridi.

Alifikiri kwa dhati, sina sababu ya kumshuku. Debe moja mama lishe wa stendi, alisema, huyo anamfahamu, na tulikwenda kwake tukamkuta hajasaga, tukamrudishia hela, akatushukuru na kutupa chai. Debe jingine kijana wa bodaboda, si wa hapa. Mengine hakumbuki. Mmoja alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni, alilipia nusu debe.

Huenda mfuko ule ulikuwa mkavu kama mwenzake. Kumi kati ya kumi na minne ilikuwa mikavu au yenye ubichi bila kuvu, hiyo naijua kwa hakika ukiacha mmoja huo; nimeshapiga hesabu ya uwezekano mara nyingi, usiku, kwa njia mbalimbali. Debe la mama lishe nililipima kwa chupa na chumvi ilinata kidogo, si sana. Mashine ya maabara ilisema liko chini ya kiwango. Lakini kuvu haikai sawasawa ndani ya mfuko. Debe moja linaweza kuwa safi na la chini yake kuwa sumu. Tuliwaachia wauzaji wa soko namba ya simu ya mjomba. Hakuna aliyepiga.

Programu yangu sasa inaandika kila kitu. Kipimo ninachokitilia shaka kinapata alama ya nyota pembeni, hakifutwi, na kioo kinaonyesha pia kipimo ni cha dakika ngapi zilizopita, ili namba iliyosimama ijulikane kwamba imesimama. Bibi hufunga mifuko siku ambayo chumvi imeanguka, iwe Jumamosi au Alhamisi, mimi niwepo au nisiwepo.

Msimamizi wangu alishauri grafu ianze baada ya siku zile, itakuwa nzuri zaidi kwa wasomaji. Nimeiacha ianze mwanzo. Kuna mstari unaopanda kutoka 58 hadi 69, kisha pengo jeupe la siku kumi na nne, kisha 83. Chini ya pengo nimeeleza lilivyotokea, kwa sentensi nne. Sentensi ya tano, inayomhusu yule mama wa nusu debe, niliiandika nikaifuta, maana tasnifu haina mahali pa kumweka. Ndiyo nimeileta hapa.